Vumbi la Kishushe

Mjadala wa madini ya chuma ya Kishushe, Taita Taveta, hauishi: ardhi ni ya nani, mrabaha apate nani. Anayepasua mwamba hatajwi. Jiwe likivunjwa laweza kutoa vumbi la silika, laini hata jicho halilioni. Leso aliyojifunga puani hailizuii. Likitua mapafuni miaka mingi huleta silikosisi, nayo haina tiba.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kofia ngumu hazikosekani, labda kwa kuwa hupendeza pichani. Mimi ningeanza na maji: mwamba ukilowanishwa kabla ya kutobolewa, vumbi hupungua papo hapo. Kisha mkaguzi aje bila kupiga simu.