Hati, Riba na Ghorofa ya Saba: Sheria za Mikopo na Wenye Nyumba wa Eastlands



Mada niliyopewa yahusu namna amri za serikali na kanuni za mikopo zinavyowagusa waliotia raslimali zao katika nyumba za kupangisha, nami naomba ruhusa niizungumze kwa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, toka Majengo hata Dandora, Kayole na Pipeline, kwani huko sheria hizo zaweza kuonekana kwa macho, zimesimama kwa mawe na saruji. Rai yangu ni kwamba umbo la jengo la Eastlands, wembamba wa vyumba vyake na wingi wa ghorofa zake, limeamuliwa zaidi na mkopo ambao mwenye jengo alinyimwa kuliko na fedha alizokuwa nazo mkononi.

Jambo hili lina asili ya kale. Pumwani, ulimo mtaa wa Majengo, ilipoanzishwa katika miaka ya 1920, wenyeji waliruhusiwa kujiinulia nyumba zao na kupangisha vyumba, na aghalabu waliofanya hivyo kwa bidii walikuwa wanawake. Walakini ardhi ilibaki milki ya Manispaa, ikawa nyumba ni mali, bali si dhamana, kwa kuwa hapana mkopeshaji akubaliye rehani ya ukuta usio na ardhi chini yake. Nusu karne baadaye Buruburu ilijengwa kwa ajili ya watu wa mishahara, nao wakapata mikopo ya muda mrefu. Na mwaka 1975 Benki ya Dunia ikatoa fedha za viwanja takriban 6,000 vya Dandora, maji na choo vikiwa tayari, mwenye kiwanja amalizie vyumba mwenyewe. Alivimalizia, akavipangisha, kisha akapanda juu.

Huko Embakasi na Kayole mambo yalikuwa magumu zaidi, maana kampuni za kununua ardhi ziliwagawia wanahisa viwanja kwa vyeti vya hisa. Mtazameni mwenye ploti akiingia benki na cheti chake, kimekunjwa mara nne ndani ya karatasi ya nailoni, muhuri wa kampuni umefifia: karani hukigeuza upande wa pili, hukisoma kwa adabu, kisha humrudishia, kwa sababu kanuni zamtaka hati miliki iliyosajiliwa. Hapo hana budi kuelekea chama au sako, ambako mkopo hufuata akiba na wadhamini, na muda wake ni miaka michache tu. Mkopo mfupi hudai kodi ya haraka. Kodi ya haraka hudai vyumba vingi vya singo. Na vyumba vingi katika kiwanja kidogo havina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu vyuma huachwa vikichomoza darini, vikingoja kodi ya ghorofa ya chini ijenge ya juu. Mhandisi na kibali cha kaunti ni gharama zisizozaa kodi, na benki, ambayo ingalivitaka kabla ya kutoa shilingi, haiko. Jengo la mtaa wa Huruma lililoanguka tarehe 29 Aprili 2016, likaua watu wapatao 50, lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, na wapangaji wangali ndani.

Sisemi kwamba serikali haikujaribu kuilegeza mikopo. Septemba 2016 sheria iliwafunga wakopeshaji wasizidishe riba kupita asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na raia wengi tulishangilia. Ila mabenki, yasiyoweza tena kumtoza mkopaji mdogo kwa kadiri ya hatari yake, yalimwacha yakaikopesha serikali yenyewe, hata sheria hiyo ikaondolewa Novemba 2019. Baadaye ikaja kampuni ya KMRC, yenye kuyapa mabenki na masako fedha za bei nafuu. Lakini mikopo hiyo ilikusudiwa mnunuzi wa nyumba ya kukaa, si mjenzi wa vyumba 20 vya kupangisha. Mikopo yote ya rehani ya nyumba katika Kenya nzima mwishoni mwa 2023 ilikuwa kiasi cha 30,000. Pipeline haikujengwa kwa hiyo.

Ushuru, kinyume cha mkopo, haukuuliza hati. Tangu 2016 mwenye nyumba alitozwa asilimia 10 ya kodi apokeayo, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, juu ya kodi yote kabla ya kutoa gharama yoyote. Chukueni vyumba 16 vya shilingi 5,000 kwa mwezi: kwa mwaka ni 960,000, na ushuru ni 72,000. Ikiwa mwenyewe amekopa milioni 4 kwa riba ya asilimia 14, riba ya mwaka wa kwanza hukaribia 560,000, ilhali ushuru haupungui hata senti. Jirani aliyejenga polepole bila mkopo atalipa 72,000 hizo hizo. Yeye aliyekopa kwa njia halali, akachunguzwa, akaonyesha kibali, ndiye alemewaye. Kweli, sheria yamruhusu kumwandikia Kamishna aingizwe katika ushuru wa kawaida wa faida, ambamo riba hutolewa; ila wangapi Kayole wamepata kuambiwa hivyo?

Nayo sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi, iliyobaki kwa nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, siitilii maneno. Vyumba vya bei hiyo katika maghorofa haya ni adimu.

Naomba basi maofisa wa Wizara ya Ardhi mliohudhuria mwanze na vyeti vya hisa vya Embakasi, vigeuzwe hati kabla ya mwenye cheti kudaiwa jambo jingine lolote. Nanyi wa mabenki mkubali rekodi za kodi ilipwayo kwa M-Pesa kuwa ushahidi wa mapato. Na wenye nyumba mlio humu, msiongeze ghorofa kabla ya mhandisi kuupima msingi.