Kuizuia Rutuba Isitoroke Shambani
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu, Binza



Katika miaka kumi hii tumejifunza kulinda haki ya mkulima penye mizani ya pamba. Leo twaomba tusemezane juu ya mali nyingine isiyopita mizanini, nayo hutupotea kila msimu. Mali hiyo ni naitrojeni, chakula kinachoupa mmea rangi ya kijani na nguvu ya kukua. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mkulima huzilipia zote, lakini mmea haupati zote.

Zinakwenda wapi? Urea ikiingia katika udongo wenye unyevu hugeuka kuwa amoniamu kwa siku chache, na amoniamu hushikwa na udongo. Kisha bakteria huigeuza amoniamu kuwa naitreti. Mmea huipenda naitreti, lakini udongo hauwezi kuishika. Katika luseni, maji ya mvua huishusha chini hata ikapita mizizi. Katika mbuga iliyotuama maji hugeuka kuwa hewa ikapaa. Sehemu ya hewa hiyo, iitwayo naitrasi oksaidi, hulitia joto anga kupita hewa ya ukaa zaidi ya mara 260, uzito kwa uzito.

Elimu hii ina mizizi yake Afrika Mashariki. Mwaka 1958 mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, Kenya, alichapisha uchunguzi wake juu ya udongo uliokauka sana kisha ukanyweshwa: vijidudu huamka kwa ghafula na kuachia naitrojeni kwa wingi. Hata leo wataalamu huliita jambo hilo kwa jina lake. Kwetu maana yake ni kwamba mvua za kwanza hufungua ghala la udongo. Aliyewahi kupanda hupata fungu lake. Aliyechelewa hukuta mengi yamekwisha kuchukuliwa na maji.

Wataalamu wametafuta dawa za kuwachelewesha bakteria hao. Mwaka 1962 ilitangazwa Marekani dawa ya naitrapirini, na nyingine zikafuata. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walijumlisha majaribio mengi, wakaona dawa za namna hii zilipunguza naitrasi oksaidi kwa wastani wa asilimia 38. Hesabu nyingine ya mwaka 2014, iliyochanganya dawa hizi na zile za kuchelewesha urea kuvunjika, ilionyesha mavuno kuongezeka kwa wastani wa asilimia 7.5. Faida ipo, ila si kubwa kiasi cha kumfanya mtu akope bila kupiga hesabu. Tena New Zealand, mwaka 2013, uuzaji wa dawa moja ya aina hii ulisimamishwa baada ya chembe zake kuonekana katika maziwa. Haikusemwa kwamba zilidhuru watu, lakini soko lilitiwa hofu.

Ndiyo maana siku hizi utafiti umegeukia mimea yenyewe. Mizizi ya mtama hutoa sorgoleoni, kitu kinachowapunguzia bakteria hao kasi, na aina za mtama hazilingani katika kukitoa. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba wameitia ngano uwezo kama huo kutoka katika nyasi za mwituni. Nako India, mwaka 2015, serikali iliamuru urea yote inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini, ambayo nayo huwachelewesha bakteria. Mtama tunao, na mwarobaini tunao.

Ndugu wanachama, twashauri mambo manne. Kwanza, mashamba yawe tayari kabla ya mvua, mbegu iwahi. Pili, urea isitiwe yote kwa mara moja. Igawanywe, na kila mara ifukiwe, kwani ikiachwa juu ya ardhi hutoka amonia ikaenda na upepo, na dawa za kuchelewesha amoniamu kugeuka naitreti haziwezi kuizuia hasara hiyo. Tatu, samadi iliyorundikwa zizini ifunikwe isioshwe na mvua. Nne, tusizitupe mbegu za mtama za wazee wetu, maana huenda ndani yake mna sifa ambayo dunia inaitafuta.

Kwa viongozi twaleta ombi moja. Chama kisinunue mbolea yenye dawa kwa fedha za wanachama mpaka kila chama cha msingi kitenge vipande viwili vya shamba, kimoja cha luseni na kimoja cha mbuga. Kila kipande kigawanywe nusu kwa nusu: huku urea ya kawaida, huku urea yenye dawa, kwa kipimo kimoja na siku moja. Mavuno yapimwe mbele ya wanachama, gharama ziandikwe, na mkutano mkuu ndio uamue. Mizani iliyotulindia pamba yetu itulindie na mbolea yetu.

Ushirika na udumu.