Neno la Dini katika Shauri la Ujira

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa kazi ya kunena juu ya shauri ambalo watu wengi hulikwepa, yaani, kama yawapasa wakuu wa dini kusema habari za mishahara na usalama wa watu kazini, ama kama yawapasa kushika ibada zao na kuyaacha hayo kwa serikali na matajiri. Wako wasemao kwamba kazi ya padre na ya shehe ni roho tu, na ya kuwa tumbo lina wakubwa wake wengine. Sisi hatukubali. Lakini hatutaki kuwajibu kwa ukali. Twataka kuyaweka mezani mambo yaliyotendeka, ng'ambo na katika Afrika ya Mashariki, ili kila mtu apime mwenyewe.

Kwanza na tukumbuke ya kuwa dini zetu hazikunyamaza katika jambo hili. Mwislamu amefundishwa kwamba ujira wa kibarua hauwekwi. Kazi ikiisha, haki yake itolewe upesi. Mkristo amefundishwa, katika Torati na katika Nyaraka za Mitume, kwamba kuuzuia ujira wa maskini ni dhambi inayomlilia Mungu. Basi asemaye kuwa dini haihusiani na mshahara, huyo anakatalia vitabu vyake mwenyewe.

Sasa twende London, mwaka 1889. Makuli wa bandari ile walikuwa wakisimama langoni kila asubuhi, wakisukumana ili msimamizi awachague. Aliyechaguliwa aliweza kupewa kazi ya saa moja au mbili, kisha akafukuzwa. Ujira ulikuwa peni 5 kwa saa. Katika mwezi wa Agosti waligoma, wakataka peni 6 kwa saa, peni 8 kwa kazi ya ziada, na ya kwamba mtu akiandikwa asiandikwe chini ya saa 4. Wenye bandari wakakataa, wakingoja njaa iwashinde watu. Ndipo akaingia Kardinali Manning, Askofu Mkuu wa Katoliki wa Westminster, mzee wa miaka 81. Wengi wa makuli wale walikuwa Wakatoliki wa asili ya Ireland, na yeye akawahesabu kuwa watoto wake. Alikwenda kwa wenye bandari, akaenda kwa viongozi wa mgomo, akarudi tena huku na huku, hata mapatano yakapatikana katika mwezi wa Septemba. Peni 6 zikakubaliwa, zianze tarehe 4 Novemba. Miaka miwili baadaye, 1891, Papa Leo wa 13 alitoa waraka wake uitwao Rerum Novarum, akafundisha ya kwamba ujira usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi, na ya kuwa wafanyakazi wana haki ya kuunda vyama vyao.

Mwaka huo huo wa 1891, mashariki ya London, Jeshi la Wokovu lilifungua kiwanda cha viberiti. Sababu yake yafaa kujulikana. Viwanda vingi vya viberiti vilitumia fosforasi nyeupe, na mvuke wake ulioza mataya ya wafanyakazi, wengi wao wasichana. Uso ukaharibika, na wengine wakafa. Fosforasi nyekundu haikuwa na madhara hayo, bali ilikuwa ghali zaidi. Jeshi la Wokovu likatumia nyekundu, na likalipa ujira uliozidi wa viwanda vingine. Kiwanda kile hakikudumu, maana wanunuzi walipenda kiberiti rahisi. Hata hivyo kilionyesha ya kuwa viberiti vyaweza kutengenezwa bila kuoza taya la mtu, na udhuru wa matajiri ukapungua nguvu. Mataifa kadha yalipatana huko Bern mwaka 1906 kukataza fosforasi nyeupe, na Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1908.

Yamkini mtu atasema, Hayo ni ya Ulaya. Basi na tuje kwetu.

Baada ya vita vya 1914 hata 1918, walowezi katika nchi ambayo mwaka 1920 iliitwa Koloni ya Kenya walilia kwamba hawana watu wa kazi. Katika Oktoba 1919, chini ya Gavana Sir Edward Northey, ulitoka waraka kwa mabwana shauri. Uliwaagiza watumie kila njia iliyo halali kuwahimiza wanaume waende kufanya kazi mashambani. Na mahali ambapo mashamba yalikuwa karibu, hata wanawake na watoto wahimizwe. Machifu na wazee walikuwa wakumbushwe daima, na ikaandikwe ni chifu gani asaidiaye na ni yupi asiyesaidia.

Ninyi mlio makarani mwajua lugha ya barua. Neno "himiza," likitoka juu, huwa "agiza" likifika katikati, na likifika kijijini huwa ni fimbo. Mkubwa hakuandika neno la nguvu, wala chifu hana ruhusa ya kushindwa; mwenye kubeba mzigo ni yule wa mwisho asiyejua kusoma.

Hilo ndilo waliloling'amua wakuu wa misheni. Askofu Heywood wa Mombasa, Askofu Willis wa Uganda, na Daktari Arthur wa Misheni ya Kiskoti, walitoa hati yao mwaka huo huo, wakaonya kwamba shauri la serikali kwa chifu ni sawa na amri, na ya kuwa wanawake na wasichana wakipelekwa kazini mbali na kwao watapatwa na mabaya. Ilikuwa hati ya kishujaa. Lakini ilikuwa na upungufu mkubwa: haikukataa shokoa yenyewe. Ilisema kwamba ikiwa ni lazima watu washurutishwe, heri iwe wazi kwa sheria, kwa kazi za faida ya nchi, na kwa mipaka.

Askofu Frank Weston wa Unguja hakuridhika. Mtu huyu aliwajua wachukuzi. Wakati wa vita alikuwa ameongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Unguja, akatembea nao barani. Mwaka 1920 alichapisha kitabu kidogo kuishtaki shokoa mbele ya Waingereza, akawaita Waafrika wa nchi hizi kuwa wamefanywa watwana wa Uingereza. Kwake yeye, shokoa haikuwa jambo la kuwekewa mipaka, ilikuwa jambo la kukomeshwa. Huko Uingereza Bwana J. H. Oldham, katibu wa umoja wa misheni, akakusanya sahihi za wakuu wa makanisa na watu wengine mashuhuri, na katika Desemba 1920 wakapeleka mashtaka yao kwenye ofisi ya Waziri wa Makoloni. Katika Septemba 1921 Waziri huyo, Bwana Winston Churchill, alituma maagizo: maofisa wa serikali wasishughulike na kuwaandikia wenye mashamba watu wa kazi; na shokoa kwa kazi za serikali, isipokuwa mambo machache kama uchukuzi, isitumike bila idhini yake.

Ndugu zetu, tunalo jambo la kujifunza hapo. Ule waraka wa 1919 haukuvunjwa kwa hati ya mtu mmoja. Walihitajiwa wanne: aliyeona kwa macho yake, aliyeandika, aliyekataa kupunguza neno, na aliyewakusanya wengi wakatia sahihi. Akikosekana mmoja, kazi haiendi.

Lakini hatutawaficha upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1921 walowezi walipatana kupunguza ujira wa wafanyakazi kwa theluthi moja, hali kodi ilikuwa imepandishwa na kipande kimetungikwa shingoni mwa watu. Aliyesimama kupinga hayo hakuwa askofu. Alikuwa Harry Thuku, kijana aliyesoma katika misheni ya Kambui, mwandishi wa simu katika ofisi ya Hazina huko Nairobi. Mtu wa kazi kama zetu. Kazi ile ikamtoka kwa ajili ya shauri hilo. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa, na siku ya pili baada yake watu waliokusanyika kumdai walipigwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri waliokufa kuwa 21. Wakati huo wengi wa wakuu wa misheni hawakusimama naye. Waliokuwa wamemtetea mtu aliyenyamaza, walimwogopa alipoanza kujisemea.

Hapo ndipo penye kipimo, waungwana. Ni rahisi kumhurumia kibarua. Ni vigumu kuketi pamoja naye. Mmoja aliyejaribu ni Askidikoni Owen wa Kavirondo. Vijana wa nchi ile walikuwa wamekwisha kuunda chama chao mwaka 1921, naye mwaka 1923 akakiingia, kikageuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi. Wako waliosema ya kwamba alikitia maji makali yao, na huenda wana haki. Hata hivyo kwa miaka mingi aliandika magazetini habari za wanawake na wasichana waliofanyizwa kazi barabarani na za watoto walioajiriwa katika mashamba ya chai. Walowezi walimchukia. Huko Geneva, mwaka 1930, mataifa yalipatana juu ya mkataba wa kukomesha shokoa. Na ushahidi wa watu wa namna yake ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyouzuia ulimwengu usiseme kwamba haujui.

Sasa, sisi tufanye nini? Tunayo maneno matatu ya kuweka mbele ya mkutano.

Neno la kwanza: tusiwaendee wakuu wa dini mikono mitupu. Malalamiko yasiyo na hesabu hupokelewa kwa huruma, kisha husahauliwa. Siri ya ofisi ni amana, wala hatumwambii mtu aivunje. Bali hesabu ya nyumba yako si siri ya mtu. Twataka wanachama 12, wa kazi mbalimbali, tarishi na mfagiaji wakiwamo, waandike kwa muda wa miezi mitatu kila wanachonunua: unga, kuni, mafuta ya taa, kodi ya chumba, nguo, ada ya shule, na kando yake waandike mshahara. Karatasi hiyo ndiyo tutakayompelekea padre, mchungaji, na kadhi, siku moja, wote pamoja. Njaa haiulizi mtu anasali wapi.

Neno la pili: kadhalika tuandike hatari. Mtu aliyeangukiwa na gunia bandarini, fundi aliyepoteza jicho kwa kukosa miwani, dereva aliyelazwa njaa barabarani: tarehe, mahali, na aliyeshuhudia. Wasichana wa viberiti hawakuokolewa kwa machozi peke yake. Waliokolewa pia kwa sababu kuna watu waliohesabu mataya.

Neno la tatu ni zito, na yamkini litawakera wengine. Kanisa na msikiti ni waajiri pia. Wana walimu, wapishi, wafagiaji, walinzi. Ikiwa mwalimu wa dini analipwa kidogo kwa udhuru kwamba thawabu yake iko mbinguni, mhubiri atanyosheaje kidole chake kwa tajiri? Jeshi la Wokovu lilianza kwa kulipa katika kiwanda chake lenyewe. Basi tutakapowaendea wazee wetu, tuwaombe kwa heshima, tukisema, Wazee wetu, tunawaomba mtutangulie kwa mfano. Na sisi wenyewe tulio na mtoto wa jikoni au mchota maji nyumbani, tumlipe mwisho wa mwezi bila kumzungusha. Kwani kuna karani amlaumuye bwana wake asubuhi, na jioni humwambia mpishi wake aje kesho.

Wahenga wamesema, haba na haba hujaza kibaba. Hatutazamii ya kuwa wakuu wa dini watatupa kila tukitakacho. Wala historia haituonyeshi hivyo. Inatuonyesha kwamba neno lao lina uzito pale wanapolisema zima, pale wanaposema pamoja, na pale mfanyakazi mwenyewe anapokuwamo barazani wala hasemewi nyuma ya mlango.

Tumekwisha sema. Twaomba mkutano uyajadili maneno haya matatu, na ukiyakubali, uchague leo majina yale 12, ili kabla ya mkutano ujao kila mmoja awe amekwisha kununua daftari lake.