Mpokee kwanza, kadi baadaye

(Nilichozungumza kwenye kikao cha vijana wa vyuo, Dodoma)

Makamanda, nimepewa dakika tano, nadhani sitazimaliza.

Wiki ijayo wa mwaka wa kwanza wanaanza kushuka stendi ya Nanenane. Nimesikia hapa mipango ya kadi na fulana. Sawa. Mimi naomba tuanze na godoro.

Nilipoanza chuo nilikuja na begi moja na kiroba cha karanga alichonifungia mama. Hosteli zimejaa, bumu halijaingia. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alinikuta nalia kwenye foleni ya usajili, akasema, "Mdogo wangu, twende tukabebane." Tulilala kitanda kimoja wiki tatu, na sahani yake ya wali tukagawana. Baadaye nikamwona kavaa fulana ya kijani, ndipo nikajua ni wa chama tawala. Hakuwahi kuniuliza mimi ni wa chama gani. Jamani, sisi tungeweza hivyo?

Mtasema hiyo ni kazi ya serikali. Kweli. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka serikali ijitahidi watu wote wapate fursa sawa ya elimu. Lakini someni na ibara ya 7(2): jambo hilo huwezi kulidai mahakamani. Kwa hiyo siasani tutalidai, ila binti aliyeko stendi saa nne usiku hawezi kulala juu ya ibara.

Mji huu umeshaona. Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliamriwa kuondoka UDOM. Wabunge wa upinzani wakataka Bunge lijadili, wakakataliwa, wakatoka nje. Walifanya sawa. Ila mtu aliyetolewa bwenini swali lake la kwanza ni moja: leo nalala wapi? Swali hilo linajibiwa na mwenye chumba.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, tukae wawili wawili stendi na stesheni ya SGR, mmoja awe msichana. Tusimwachie binti mgeni apelekwe gheto na mwanaume asiyemjua, kesho adaiwe fadhila. Pili, tuandike vyumba vya Ng'ong'ona na bei zake halisi, madalali wasiwachune. Tatu, aliyekosa mkopo tumsaidie kukata rufaa dirisha likifunguliwa. Yatima wengi hukwama kwa sababu cheti cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa RITA. Sisi wa sheria tukae nao, tuwajazie.

Na katika hayo yote, asiulizwe mtu chama chake. Akitupenda atakuja mwenyewe.

Daftari hili hapa. Nina godoro moja la ziada, jina langu nimeshaandika. Nani anafuata?