Kufunga Kulabu za Kuvutia kwenye Gari la Familia: Kazi Inaanzia Nyuma ya Bampa



Mada niliyopewa inahusu kuongeza kulabu na sehemu za kunasulia kwenye magari ya familia. Nitaizungumzia kwa kutumia magari yanayoingia kila siku kwenye gereji zetu hapa Arusha: RAV4, Harrier, X-Trail, Forester. Yametoka Japani yakiwa yameshatumika, yameinuka kidogo kuliko gari dogo, na kwa sababu hiyo wenyewe huyaamini kupita kiasi. Desemba yanapelekwa kijijini na watoto nyuma, Aprili yanapelekwa shambani. Huko yanakutana na udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, na masika unajaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi linabaki duara laini linalozunguka bure.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Kulabu haina nguvu kuizidi ile ya chuma ilichofungiwa, na magari haya yana mahali pachache sana panapostahimili kuvutwa. Mteja anapokuja na kulabu nyekundu aliyonunua dukani, swali la kwanza ni nini kipo nyuma ya bampa lake.

Chesisi na bodi

Hilux, Prado, Fortuner, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 na hata Suzuki Jimny ndogo zina chesisi: boriti mbili ndefu za chuma zinazokwenda kutoka mbele hadi nyuma, na bodi imekalia juu yake. Hapo kazi ni rahisi. Mara nyingi matundu ya bolti yapo tayari kwenye boriti, na kipande kinachouzwa kwa ajili ya gari hilo kinakaa bila kutoboa chochote.

RAV4 na wenzake hazina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, imeundwa kwa mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa nukta za moto. Mbele, chini ya taa, kuna boriti mbili fupi zenye uwazi ndani, na kwenye ncha zake umefungwa mhimili wa bampa. Ncha hizo zimetengenezwa zijikunje gari likigonga, ili mshtuko uishie hapo kabla haujamfikia dereva. Ukiziba ncha hizo kwa bamba la milimita 12 umeondoa kinga aliyoilipia mteja, tena bila kumwambia. Kuna magari yanayokaa katikati, kama Suzuki Grand Vitara ya kuanzia 2005, ambayo fremu yake ya ngazi imeunganishwa ndani ya bodi. Kwa hiyo tusihukumu gari kwa umbo. Tuingie chini tukaangalie.

Vilivyopo tayari, na vinavyodanganya

Chini ya mbele ya magari mengi yaliyokuja kwa meli utaona bamba jembamba lenye tundu la umbo la yai. Wengi huliita kulabu ya kuvutia na kupitisha mnyororo hapo. Kwenye magari mengi lile ni tundu la kufungia gari lisitembee likiwa melini au juu ya lori: linavutwa kuelekea chini, taratibu, kwa mkanda. Likivutwa mbele kwa kishindo linafunguka, au linang'oka na kipande cha bati lililolishikilia. Kitabu cha gari husika ndicho kinachosema kama tundu hilo ni la kufungia au la kuvutia. Kama kitabu hakipo, lichukulie kuwa la kufungia.

Sehemu halisi ya kuvutia kwenye RAV4 na wenzake imefichwa. Kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha plastiki, cha mraba au cha duara, kinachobanduliwa kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa. Nyuma yake kuna tundu lenye uzi, na pete ya kusokomezwa humo huwa kwenye buti, chini ya zulia, karibu na jeki. Nawaomba mafundi mfungue kifuniko hicho kila gari linapoletwa kubadilishiwa oili. Mtakachokiona ni tope la zamani lililokauka, kutu, na mara nyingine nyavu za buibui. Safisheni kwa brashi ya waya, wekeni grisi, jaribuni pete kwa mkono: inapaswa kuingia yote mpaka bega lake liguse, kisha inakazwa kwa spana ya magurudumu. Pete inayoishia nusu ya uzi itapinda siku ya kazi.

Magari mengi hufika bandarini pete ikiwa haipo kabisa. Inapatikana kwa wauza spea za mtumba, Gerezani kule Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ila mwenye gari asinunue kwa macho. Pete mbili zinazofanana zinaweza kuwa na nyuzi tofauti, na baadhi ya magari ya Ulaya nyuzi zake zinakazwa kwa kuzungusha kinyume. Aende na gari lenyewe, aijaribu palepale.

Pete hii ina mipaka. Ni ya kuvutwa moja kwa moja mbele, kwa utulivu. Ukivuta kwa pembe, shina lake jembamba linageuka kuwa wenzo na linapinda kwenye bega. Hii ndiyo sababu nzuri ya kuongeza sehemu za kunasulia, kwa sababu kwenye tope ni nadra gari la kukuokoa kupata pa kusimama mbele yako kabisa.

Hesabu kidogo

Tuchukue gari lenye watu na mizigo, jumla kilo 2,000. Kanuni inayotumiwa na wanaonasua magari ya jeshi inasema hivi: gari likizama kwa kina cha matairi, nguvu ya kulitoa inakaribia uzito wake, yaani tani 2. Likizama mpaka usawa wa madigadi, mara mbili ya uzito, tani 4. Nguvu ya kamba inapanda kwa sababu ya kina. Dakika 20 za sepetu mbele ya matairi na chini ya tumbo la gari zinashusha mzigo huo kuliko kulabu yoyote tutakayoifunga. Mteja akiniambia ana bajeti ya kitu kimoja tu, namwuzia sepetu.

Sasa angalia mshtuko. Gari la kuvuta lenye kilo 2,000, likikimbia kilomita 10 kwa saa, lina nishati ya takriban kilojuli 7.7. Likiunganishwa kwa mnyororo, na gari lililokwama likagoma, nishati hiyo yote inamalizwa ndani ya sentimita chache. Zikiwa sentimita 5, nguvu ya wastani ni kama tani 16. Kamba ya nailoni inayonyumbuka, yenye urefu wa mita 9 na kunyoosheka kwa asilimia 20, inasambaza nishati hiyohiyo kwenye mita 1.8, na kilele chake hakifiki hata tani 1. Ongeza mwendo mpaka kilomita 20 na nishati inakuwa mara nne. Mwenye gari akisikia dereva wa lori anamwambia "nitakuja na spidi kidogo" huku ameshika mnyororo, amshukuru, afungue mnyororo wake.

Jinsi ya kufunga

Kwa gari lisilo na chesisi napendekeza sehemu mbili mbele, moja kila boriti, kwa vipande vilivyoundwa kwa ajili ya modeli hiyo na vinavyotumia matundu ya bolti za kiwandani. Mbili, ili kamba fupi ya kugawanya iungane na zote na mzigo usielemee upande mmoja. Pembe kati ya miguu ya kamba hiyo ni muhimu: ikiwa nyuzi 60, kila mguu unabeba kama asilimia 58 ya mzigo, ikitanuka mpaka nyuzi 120, kila mguu unabeba mzigo wote, na mgawanyo wenyewe umekufa. Kamba ya kugawanya isiwe fupi mno.

Kwenye bolti hatuna utani. Soma kichwa chake. Bolti ya milimita 12 iliyoandikwa 8.8 hukatika kwa takriban tani 6.8 ikivutwa kwa urefu wake, na kwa karibu tani 4 ikikatwa kwa ubavu. Ya 4.6 ina nusu ya nguvu hiyo. Isiyoandikwa chochote irudishwe dukani. Kama lazima utoboe boriti yenye uwazi, weka kipande cha bomba ndani ili kukaza bolti kusiiponde, na bamba upande wa pili ili mzigo usambae. Tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya bolti kuingia, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayepaona tena.

Kuhusu kuchomelea, najua hapa nitakosa marafiki. Kwenye ncha za boriti za magari haya kuna chuma chenye nguvu ya juu kilichopata sifa yake kwa jinsi kilivyopozwa kiwandani. Moto wa fundi unaiondoa sifa hiyo kuzunguka mshono, na pembeni mwa mshono ndipo panapopasuka. Nondo ya milimita 16 iliyopindwa na kuchomewa kwenye mhimili wa bampa inaonekana imara na mteja ataipiga teke kwa furaha, lakini mhimili wenyewe umeshikwa kwa bolti chache fupi zilizowekwa kwa ajili ya ajali, na bati lake si nene. Akisisitiza, mkatalie. Fundi mwingine atamfungia, sawa, ila isiwe gereji yako.

Nyuma ni afadhali. Kama gari lina boriti ya kukokotea trela iliyofungwa vizuri, kipande chenye shakoli, yaani pingu ya chuma inayofungwa kwa pini, kinaingizwa kwenye tundu lake na kushikwa kwa pini. Ile tufe ya chuma ya kuunganishia trela isitumike kamwe kunasulia. Huko Australia na kwingineko tufe zimekatika wakati wa kunasua, zikaruka na kamba na kuua watu ndani ya gari na nje yake.

Shakoli na watu

Shakoli iwe na uzito wa kazi uliochapwa mwilini mwake. Ya mwili wenye unene wa milimita 19 na tani 4.75 inatosha kwa magari haya. Zile za mapambo zisizo na maandishi zibaki kwenye minyororo ya funguo. Na kamba mbili zisiunganishwe kwa shakoli katikati, maana moja ikikatika, shakoli inasafiri na nyingine.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilielezi ni vijana wetu. Gari likikwama masika, kabla hujafungua mlango wameshafika na majembe, na wanasukuma kwa ujira huku kamba imeunganishwa. Wanasimama palepale inapopita. Wachimbe kwanza, walipwe, kisha wasogee umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba kabla gari la mbele halijaondoka. Kwa kamba ya mita 9, hiyo ni karibu mita 14. Watoto nao washuke, wapelekwe pembeni ya barabara, si mbele wala nyuma. Koti zito au mkeka wa mpira ulazwe katikati ya kamba.

Baada ya kila kunasua, gari lirudi gereji likaguliwe: rangi iliyopasuka kuzunguka bolti, tundu lililovutika umbo la yai, mwanya wa boneti usiolingana kulia na kushoto. Ukiona kimojawapo, bolti zinabadilishwa na sehemu hiyo haitumiki mpaka boriti ipimwe.

Mchana tutainua RAV4 iliyo uwanjani, tutatoa bampa na kufunga kipande cha upande wa kushoto pamoja. Cha kulia nitawaachia mafundi wa kundi la pili, wakifunge bila mimi kuwagusa, kisha tubishane.