Tembo Naye Amerudi: Tulime Namna Gani Karibu na Parke?



Tulipokimbia Rutshuru, mashamba yetu yalibaki kichaka. Tumerudi, tumelima, na sasa nyama wa pori wanavuna mbele yetu. Tusishangae. Tembo nao walikimbia vita, wengi wakaenda Queen Elizabeth, kule Uganda. Mwaka 2020 mamia yao walirudi ndani ya Parke ya Virunga. Wamerudi sawa vile sisi, na njia zao za zamani hawakuzisahau.

Hasara tunaijua. Tembo wakiingia usiku mmoja, mahindi ya miezi mitatu yanaisha, deni la mbegu linabaki. Halafu kijana anasema: tutege, tumuue. Hapana. Tembo analindwa na sheria. Utafungwa, na watoto watabaki na njaa ile ile. Kulala shambani nako ni hatari, juu kwetu usiku si tembo peke yake anatembeaka.

Kwa hiyo tunaleta njia tatu zisizomlazimisha mtu kulala shambani.

Moja, mahindi, ndizi na viazi tamu vikae karibu na nyumba. Upande wa parke tupande pilipili: tembo haipendi, soko inaitaka.

Mbili, pilipili kavu iliyosagwa tuichanganye na oili chafu ya moteri, tupake ku kamba na vitambaa vya kuzunguka shamba. Mvua ikinyesha, tunapaka tena.

Tatu, mizinga ya nyuki, inayoning'inizwa ku waya kila metre 10. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Kenya wamejaribu, na tembo wengi waligeuka. Asali nayo tutauza.

Makaku, hao wanataka zamu ya mchana tu.

Lakini mmoja akizungushia shamba lake peke yake, tembo anaingia kwa jirani. Tufanye mstari mzima, kwa salongo. Na shamba likiharibiwa, tuandike siku ile ile: tarehe, nyama gani, eneo gani. Karatasi iende kwa chifu na kwa ICCN, maana malalamiko ya mdomo yanapoteaka.

Wanamemba, tunaomba mikono yenu. Wafadhili, tunaomba waya, mizinga na mbegu ya pilipili, mbele ya mahindi kuanza kukomaa.