ZABIBU ZA DODOMA NA SOKO LA NG'AMBO
(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mtu wa Unguja au Pemba akitajiwa zabibu, aghalabu hukumbuka zile kavu zinazotiwa katika pilau na biriani. Si ajabu, kwani neno lenyewe kwa asili yake ya Kiarabu ni jina la tunda lililokaushwa. Bichi Waarabu huliita inab. Zabibu zinazozungumzwa hapa ni mbichi, nazo hulimwa Dodoma, katika uwanda wa juu wa Tanzania Bara. Huko mvua haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na miezi ya ukame ni mingi kuliko ya mvua.

Kilimo hicho kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia kabla ya Uhuru, na hadi leo wakulima wa Bihawana, Hombolo, Makutupora na Chinangali wanakitegemea. Neema ya Dodoma ni kwamba mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali Ulaya huvunwa mara moja tu. Mkulima hupogolea matawi, na baada ya takriban miezi minne vishada huwa tayari. Mavuno ya kwanza huwa mwezi wa Machi au karibu yake, na ya pili huwa Agosti na Septemba.

Hata hivyo mavuno hayo mawili hayalingani. Yale ya Machi huangukia katika mvua: tunda hupasuka, kuvu ya kijivu huingia, na kishada kilichokuwa kizuri asubuhi huwa hakifai jioni ya pili. Yale ya Agosti hukomaa katika jua kavu, matamu na safi, lakini hayapatikani bila ya maji ya kumwagilia. Mwenye kutaka kuuza ng'ambo hana budi kutegemea haya ya pili, na kwa hivyo suala la kwanza kwake ni kisima kabla ya meli.

Hapana budi pia kuelewa tabia ya tunda hili. Embe na ndizi hukatwa changa zikaivia njiani. Zabibu haiivi tena baada ya kukatwa. Utamu ilionao shambani ndio itakaofika nao mezani. Huliwa na ganda lake, na ule unga mweupe juu ya ganda ni kinga ya asili ambayo vidole huiondoa. Mkataji hodari hushika kikonyo tu. Baada ya kukatwa hutakiwa ipozwe upesi hadi karibu na nyuzi sifuri, na ubaridi huo usikatike hadi kwa mnunuzi. Saa chache juani katika lori lililo wazi, kwenye safari ya kilomita 450 hivi kwenda Dar es Salaam, hutosha kukausha vikonyo. Na mnunuzi wa ng'ambo hutazama kikonyo kabla ya kuonja tunda.

Zaidi ya hayo, nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Disemba 2019, hazipokei karibu tunda lolote bichi bila ya cheti cha afya ya mimea. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa ya salfa inayowekwa katika makasha kuzuia kuvu nayo ina kiwango: isibakie zaidi ya miligramu 10 katika kila kilo ya zabibu.

Lakini kizuizi kikubwa kimo katika mbegu. Mizabibu mingi ya Dodoma ni ya aina ya Makutupora Nyekundu, iliyokusudiwa viwanda vya mvinyo, na tunda lake lina kokwa. Mlaji wa ng'ambo hutaka tunda kubwa lisilo na kokwa. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimekuwa kikijaribu aina za kula mezani. Ila kung'oa shamba na kupanda upya ni kukaa kama miaka miwili bila ya mavuno ya maana, na ada za skuli hazingojei. Mkulima huyo akibaki na aina ya kiwanda, yumo mikononi mwa wanunuzi wachache, na imekwisha tokea zaidi ya msimu mmoja viwanda vikajaa na zabibu zikaozea shambani.

Soko lenyewe pia lina wenyewe. Mwezi wa Machi Ulaya hula zabibu za Afrika Kusini na India. Agosti hula za Italia na Uhispania. Kudhani kwamba Dodoma itawatoa hao kwa bei ni kujidanganya. Ghuba ni karibu zaidi kwa ndege, na huko zabibu ya Agosti yaweza kujaribiwa kwa mizigo midogo.

Lipo soko jengine ambalo halihitaji ndege. Mahoteli ya Unguja na maduka ya mjini yamezoea zabibu za Afrika Kusini zilizosafirishwa kwa makontena ya baridi. Mwezi wa Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka nchi hiyo, na zuio likaondolewa baada ya siku chache. Siku hizo zilitosha kuonesha jinsi meza zetu zinavyotegemea mbali. Kadhalika zabibu kavu za pilau huagizwa kutoka nje, ilhali kilo nne hivi za bichi hutoa kilo moja ya kavu, na jua la Dodoma la mwezi wa Septemba halilipiwi.

Wafanyabiashara wa visiwani wanaokusudia biashara hii wanashauriwa kwenda mashambani mwezi wa Julai, wapatane bei na wakulima, na wahakikishe chumba cha baridi kabla ya kishada cha kwanza kukatwa. Mkulima aliyekwisha kata hana tena nafasi ya kukataa bei anayopewa.